Rejeta Mpya kwa Gari Kongwe: Yaliyotupata Njia ya Voi



Wasomaji wetu watukufu, wiki hii twaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya kitu ambacho hakitajwi sana katika kurasa hizi: rejeta ya gari. Twajua baadhi ya kina mama watataka kufunua ukurasa wa pili upesi. Twawasihi wangoje kidogo, kwani kisa chenyewe kilianzia garini kikaja kufumbuliwa jikoni, na aliyekifumbua hakuwa fundi.

Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alituachia gari aina ya Peugeot 504, lile refu lenye safu tatu za viti. Wenye umri wetu wanalikumbuka vyema. Gari hilo lilitoka kwa mara ya kwanza kule Ufaransa mwaka 1968, likashinda mashindano ya Safari Rally hapa kwetu mwaka 1975 na tena mwaka 1978, na kwa miaka mingi ndilo lililokuwa teksi ya safari ndefu kutoka mji hadi mji. Hili la kwetu limebeba maharusi, wagonjwa, wafiwa, na wanafunzi wa madrasa waliokwenda Maulidini. Hakuna nyumba mtaani petu isiyoijua honi yake. Kwa hivyo tulipoambiwa mara kwa mara tuliuze kwa wenye kununua vyuma chakavu, hatukuwahi hata kulifikiria neno hilo.

Miaka miwili iliyopita rejeta yake ya asili ilianza kuvuja. Kila asubuhi tulikuta kidimbwi cha maji yenye rangi ya kutu chini ya gari. Tukafanya kama wafanyavyo wengi: tukaongeza maji kila siku, na maji yenyewe tukiyateka katika kisima cha uani. Fundi wetu, mzee aliyelehemu rejeta kule Majengo kwa zaidi ya miaka thelathini, alitwambia tumpelekee aitazame kabla mambo hayajaharibika. Tulisema tutakwenda. Hatukwenda. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wetu tuliuacha ukakua.

Hatimaye ilipokuwa haishiki maji tena, tulimwendea yule mzee akatutajia bei ya kuifufua. Tuliona ni kubwa. Siku hizo hizo kijana mmoja wa duka la vipuri alitujia msikitini baada ya swala ya Alasiri, akasema anayo rejeta mpya ya 504, kwa theluthi ya bei aliyotutajia mzee. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na hii ilitembezwa mpaka mlangoni kwetu. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, nyepesi kama kikapu kitupu. Hatukuuliza imetengenezwa kwa madini gani. Hatukuiweka kando ya ile ya zamani tukazilinganisha. Tulitazama bei na mng'aro, tukalipa.

Fundi wa barabarani aliifunga kwa saa mbili. Vishikio vyake havikulingana na vya gari, akavikaza kwa waya. Tundu la swichi ya joto, ile inayoliamuru feni lizunguke maji yanapopata moto, halikuwapo kabisa. Akatutilia swichi ya mkono karibu na usukani, akatwambia tuiwashe sisi wenyewe. Mambo hayo mawili yalitosha kumwamsha aliyelala. Lakini sisi tulikuwa tukihesabu pesa tulizobakisha.

Mwezi wa pili baada ya hapo tulipata safari ya Voi. Binti wa dada yetu alikuwa amejifungua, na mama yetu, ambaye umri umeshamwelemea, alitaka kukiona kitukuu chake. Tulipakia mama, mama watoto, mabinti zetu wawili, na mpwa wetu wa miaka 16, tukatoka Mombasa asubuhi na mapema.

Tulipofika Mariakani mshale wa joto ulikuwa umepita katikati. Tuliuona. Hili ndilo jambo tunaloona haya kuliandika, na ndilo lililotufanya tuandike. Tuliuona mshale, tukanyamaza. Mama watoto alituangalia akauliza, "Maalim, mbona umekuwa kimya? Gari lina nini?" Tukamjibu kwamba hapana neno. Tulikuwa tumejisifu nyumbani kwa ununuzi wetu, na kusimama Mariakani kungekuwa kukiri mbele ya watu wote kwamba tumekosea. Tukawasha swichi ya feni, tukaendelea. Njia ile hupanda polepole kutoka pwani, na malori yalikuwa mengi, tukawa twatambaa nyuma yake katika jua. Tulipopita Taru mshale ulikuwa umegusa nyekundu. Hatukuwa mbali na Mackinnon Road, kwenye msikiti wa Sayyid Baghali unaojulikana na kila msafiri wa njia hiyo, mvuke ulipofumka chini ya boneti na injini ikazimika.

Kabla hatujatoa mguu nje, mpwa wetu alikuwa amekwishashuka na kitambaa mkononi. Alitaka kusaidia. Alifungua boneti, akashika kifuniko cha rejeta akakizungusha. Maji yaliruka juu kwa kishindo na kumwangukia mkono mzima wa kulia, kutoka kiganjani hadi kiwikoni. Sauti yake ile hatujaisahau.

Tulikuwa na mtungi wa maji wa lita 20 tulioubeba kwa ajili ya injini. Mama watoto aliunyakua, akamkalisha kijana kivulini akamwagia maji mkononi taratibu, akakataa kuacha mpaka mtungi ukaisha, kisha akatuma ukajazwe tena msikitini. Msafiri mmoja aliyesimama kutusaidia alileta dawa ya meno ampake; mama watoto akamshukuru akaikataa. Mtu wa kheri mwenye pikapu alimchukua kijana pamoja nao hadi hospitali Voi. Huko muuguzi aliwaambia kwamba maji yale ndiyo yaliyouokoa mkono: jeraha la moto hupozwa kwa maji ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, halafu hufunikwa kwa kitambaa safi, na halipakwi dawa ya meno, wala samli, wala yai. Twaomba kila nyumba iliyashike maneno hayo, kwani majiko yetu ni mengi kuliko magari yetu.

Sisi tulibaki na mama kwenye baraza ya msikiti tangu kabla ya Adhuhuri hadi Alasiri tukingoja lori la kulibeba gari. Mama hakutulaumu. Alivuta tasbihi yake, akauliza mara moja tu, "Mwanangu, hukuwa na dalili?" Tulinyamaza kwa mara ya pili siku ile, na hii ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza.

Injini ya 504 ina mwili wa chuma na kichwa cha alumini. Alumini ikipata moto kupita kiasi hupinda. Kichwa kilikuwa kimepinda na gasketi yake imeungua. Ukijumlisha lori, kukisawazisha kichwa, na matibabu ya kijana, pesa tulizobakisha katika ile rejeta ya rahisi zilitoka mara nne.

Ndipo tulipomrudia mzee wa Majengo, na safari hii tulikwenda kusikiliza. Aliichukua ile rejeta nyeusi, akainua meno ya bati yanayoshika tangi lake la plastiki, akalifungua mbele yetu. Kisha akaiweka kando ya ile ya baba. "Hesabu, Maalim," akasema. Ile ya baba ilikuwa na safu tatu za mirija. Hii ilikuwa na mbili, nyembamba, na mapezi yake yameachana. Rejeta, alitueleza, haina siri kubwa. Pampu huyasukuma maji ya moto kutoka kwenye injini, nayo hupita katika mirija. Mirija huyapa mapezi joto lake. Upepo na feni huyapoza mapezi. Ukipunguza mirija, au mapezi yakawa hayakugusana nayo sawasawa, joto halina njia ya kutoka. Gari huenda vizuri mjini kwa safari fupi, na aibu hungojea mlimani.

Lakini mzee hakuishia hapo. Alituonyesha ndani ya mirija. Nusu yake ilikuwa imeziba kwa tope la kutu na magamba meupe, na rejeta haikuwa na umri wa miezi mitatu. Akatukatia kipande cha mrija, akasema, "Hili si kosa la aliyekuuzia. Hii hata ingekuwa ya dhahabu ingeziba." Kutu ilikuwa imetoka ndani ya injini, kwani yule fundi wa barabarani alifunga rejeta mpya bila ya kuisafisha injini kwanza. Lakini magamba meupe yametoka wapi? Mzee alitutazama tu.

Tulikichukua kipande kile hadi nyumbani tukakiweka mezani. Mama watoto alikigeuzageuza, kisha akaingia jikoni akarudi na birika lake la zamani. Akakwangua ndani yake kwa kijiko. Yakaanguka magamba yale yale, meupe, magumu kama ganda la yai. "Maalim," akasema, "mimi niliacha kuchemshia maji ya kisima tangu Ramadhani iliyopita, baada ya kuona yanavyolifanya birika langu. Wewe gari la baba walinywesha nini?"

Visima vyetu vya pwani vimechimbwa katika jiwe la tumbawe. Maji yake hubeba chokaa, na palipo karibu na bahari hubeba na chumvi. Yakipata moto chokaa hujitenga ikaganda, na katika mrija mwembamba haihitaji muda mrefu kuufunga. Chumvi nayo hula madini. Maji hayo ndiyo yaliyoitoboa rejeta ya kwanza, na ndiyo yaliyoiziba ya pili. Tulikuwa tukitafuta rejeta nyingine ilhali hatujui ya kwanza iliuawa na nini. Lau tungenunua ya tatu, hata iliyo bora, tukaendelea na ndoo ile ile ya kisimani, tungezika na ya tatu.

Basi tukalijua swali la kwanza la mwenye kuchagua rejeta: ya zamani ilikufa kwa sababu gani? Baada ya hapo mzee alituwekea njia tatu.

Njia ya kwanza ni kununua rejeta ya mtumba iliyotolewa katika gari jingine. Hiyo, alisema, ni kununua maradhi ya mwenzio. Hujui yeye alilinywesha nini lake. Njia ya pili ni kununua mpya ya alumini. Mzee hakuidharau. Shaba nyekundu hupitisha joto vizuri zaidi, lakini alumini ni nyepesi na yaweza kufanyiwa mirija mipana, na iliyotengenezwa vyema haina ubaya. Udhaifu wa nyingi za rahisi ni matangi yake ya plastiki, ambayo kwa miaka ya joto hukauka yakapasuka, na yakipasuka njiani hakuna wa kuyalehemu. Njia ya tatu ni kuyahifadhi matangi ya asili ya shaba, na kuyatilia moyo mpya, yaani mirija na mapezi mapya ya shaba yenye safu tatu kama yalivyokuwa. Vishikio vitalingana, midomo ya mipira ya maji italingana, tundu la swichi ya joto litakuwa pahala pake, na likitokea tundu dogo lolote, fundi yeyote mwenye risasi na moto kati ya hapa na Nairobi ataliziba.

Ilikuwa ndiyo bei ile ile tuliyoikimbia mwanzo. Pesa hatukuwa nazo. Mama watoto alikuwa na zamu yake ya upatu mwezi ule, aliyoiweka kwa ajili ya ada ya binti yetu mkubwa. Alikubali kutukopesha, kwa sharti mbili: tumlipe kabla ya muhula kuanza, na siku nyingine akituuliza gari lina nini, tumwambie. Tulizikubali zote mbili mbele ya watoto.

Moyo mpya ulipokwisha kutiwa, mzee aliziba midomo ya rejeta, akaizamisha katika pipa la maji na kuijaza upepo kwa kipimo. Tulikaa tukitazama. Hakikupanda kiputo hata kimoja. Kipimo hicho twawausia nyote mkidai, iwe rejeta imetoka dukani au kwa fundi, kabla pesa hazijatoka mkononi. Kisha aliiosha injini kwa maji ya kusukuma mpaka yakatoka meupe. Akabadilisha na mipira ya maji iliyokuwa imelegea, na thamostati. Wengi hapa pwani huitoa thamostati wakidhani injini itapoa zaidi. Mzee alisema injini isiyofikia joto lake hula petroli na kujila yenyewe, nayo imewekwa pale kwa sababu.

Kifuniko nacho alikichagua kwa uangalifu. Binti yetu mkubwa, ambaye anasoma fizikia, ndiye aliyetufahamisha hili vizuri. Maji ya wazi huchemka kwa nyuzi 100. Yakifungwa kwa nguvu hupita kiwango hicho bila ya kuchemka. Ukifungua kifuniko, nguvu huondoka kwa ghafla, na sehemu ya maji hugeuka mvuke pale pale na kuyarusha mengine nje. Ndiyo yaliyomfika mpwa wetu. Kila kifuniko kimeandikwa nguvu yake, na rejeta kongwe hazikutengenezewa nguvu kubwa. Chenye nguvu kupita kiasi hupasua viungo vyake. Na kifuniko cha rejeta yenye moto hakifunguliwi, hata kwa kitambaa, mpaka uweze kuuweka mkono juu yake bila kuuondoa.

Maji ya kisima tukayaacha. Sasa twatumia maji yaliyosafishwa, nusu kwa nusu na kulanti, ile ya namna ya zamani inayofaa madini ya gari la umri huu, wala hatuchanganyi aina mbili. Kina mama tuwaonye hapa: kulanti nyingi ni sumu, na ladha yake ni tamu. Isiwekwe katika chupa ya soda, wala isimwagwe uani wanapocheza watoto na kupita kuku na paka.

Tulibakiwa na yule muuzaji. Tulimwendea na rejeta yake, tukamwonyesha safu mbili na tundu lisilokuwapo. Alikataa kurudisha chochote. Katika mafunzo ya dini yetu imekuja habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyotia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta umajimaji ndani, naye akamkemea mwenye mali kwa kuuficha chini badala ya kuuweka juu watu wauone. Tulikuwa tumeikusudia habari hiyo kumsomea yule kijana. Tulipofungua kinywa tukakumbuka Mariakani. Sisi nasi tulikuwa na umajimaji chini ya rundo letu: mshale tuliouona, tukawaficha watu sita, tukiwamo sisi wenyewe. Tulimwambia aibu ya bidhaa yake aidhihirishe kwa mnunuzi ajaye, tukaondoka. Hatukuwa na la zaidi.

Baada ya miezi mitatu tulikwenda tena Voi. Mama watoto alikuwa amekwisha kulipwa, na muhula ulikuwa haujaanza. Mpwa wetu tulimkalisha mbele. Mkono wake umepona, ila umebaki na baka lililokoza kutoka kiganjani hadi kiwikoni, nalo hatudhani litaondoka. Tulimpa kazi ya kuusoma mshale kwa sauti. Mariakani akasema, "Katikati." Taru akasema, "Katikati." Tulisimama Mackinnon Road, tukaswali, tukaendelea, na mama akakipakata kitukuu chake kabla ya Adhuhuri.

Siku hizi kila Ijumaa asubuhi, injini ikiwa baridi, kijana hupita nyumbani kuangalia maji ya rejeta. Hufungua kifuniko mwenyewe. Mara ya kwanza mkono ulimtetemeka, nasi tulisimama kando yake bila ya kumharakisha.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atuhifadhi njiani, na atujaalie kusema tunapoona, kabla mshale haujafika nyekundu. Wabillahi tawfiq.